Maswali yenu: Tiro si bado ipo?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Ezekieli 26 inasema Tiro itakwanguliwa ibaki mwamba mtupu na haitajengwa tena, sasa mimi nimefungua ramani kwenye simu naona mji wa Sur, ndo Tiro kwa jina la leo, upo pale Lebanoni na watu wanaishi. Nisaidie, unabii ulifeli au mimi ndo sijaelewa?

JIBU: Swali zuri na wengi hulikwepa, wanakimbilia kusema "yametimia yote" halafu basi. Kwanza elewa Tiro ilikuwa sehemu mbili, mji wa nchi kavu na kisiwa chenye ukuta, na pesa zilikuwa kisiwani. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira miaka 13 hivi na kisiwa hakukipora, na hilo halijasemwa na wapinzani wa Biblia, kalisema Ezekieli mwenyewe sura ya 29, kwamba askari wamepata vipara na mabega kuchubuka ila mshahara hawakuupata, ndo wakaahidiwa Misri. Mimi hapo namheshimu sana huyu nabii, angeweza kabisa kuficha.

Sasa rudi 26 usome taratibu. Mstari wa 7 mpaka 11 ni "yeye", yaani Nebukadreza, ukifika 12 inageuka "wao", na mstari wa 3 ulishasema mataifa mengi yatakuja kama mawimbi, moja baada ya lingine. Mwaka 332 KK akaja Alexander, mfalme wa Makedonia, akachukua vifusi vya ule mji wa nchi kavu akavimwaga baharini kujenga njia mpaka kisiwani, miezi 7 akaingia. Mawe, mbao na mavumbi majini, kama mstari wa 12 ulivyosema. Ile njia ikajaa mchanga na mpaka leo kisiwa kimeungana na bara.

Ila "hautajengwa tena" nakubali ni ngumu, maana Yesu alifika pande za Tiro na Paulo alikaa hapo siku 7 kwa wanafunzi. Wapo wanaosema ni ule mji wa bara tu, wengine wanasema ni lugha ya maombolezo. Mimi naegemea hao wa pili, kwasababu ukisoma sura ya 27 unakuta Tiro imechorwa kama meli, mlingoti wa mwerezi, makasia ya mialoni ya Bashani, mizigo ya fedha na bati kutoka Tarshishi, halafu yote inazama na mabaharia wanalia ufukweni. Kilichozama ni ile himaya ya biashara, na hiyo kwenye ramani yako huioni.