Kompyuta ya Zamani, Gemu za Katriji: Maswali na Majibu

Baada ya kuandika hapa kuhusu kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, wasomaji wengi wameniuliza jambo lile lile kwa njia tofauti: ninayo mashine, sina haja ya kuandikia barua wala kupigia hesabu, nataka kuchomeka katriji (kile kisanduku cha plastiki chenye gemu ndani, ambacho wengine hukiita kaseti) na kucheza. Nimechagua maswali machache.

Marehemu mjomba wangu alirudi kutoka masomoni Marekani na kompyuta inayoitwa Coleco Adam, printa yake kubwa, na katriji kadhaa za ColecoVision. Mimi nataka gemu tu. Printa haichapi tena na inanijazia meza. Niitupe? — Msomaji, Umoja

Tafadhali usiitupe. Ukiiondoa printa hiyo, umeiua kompyuta yote. Coleco waliweka chanzo cha umeme wa Adam ndani ya printa, na hata swichi ya kuwashia iko nyuma ya printa hiyo hiyo. Umeme unaingia pale kwanza, kisha unapita kwenye waya hadi kwenye kompyuta. Printa inaweza kuwa imeacha kuchapa miaka mingi iliyopita na bado ikatoa umeme vizuri kabisa. Iteremshe chini ya meza kama waya unafika, lakini ibaki imeunganishwa.

Kuhusu gemu, una bahati kubwa. Adam ilitoka mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya mashine ya gemu ya ColecoVision, na Coleco waliijenga juu ya mashine hiyo. Kichakato ni kile kile cha Z80 na chipu za picha na sauti ni zile zile, kwa hiyo katriji za ColecoVision zinaingia kwenye tundu lililo juu ya Adam na kufanya kazi bila kubadilishwa chochote. Ukiwasha bila katriji wala kanda, itakufungulia taipureta ya maandishi. Hiyo ni kawaida yake. Kwa gemu, zima kila kitu, chomeka katriji, washa, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Vitufe hivyo viko viwili, kimoja cha kompyuta na kimoja cha katriji, nawe unataka cha katriji. Usichomeke wala kuchomoa katriji mashine ikiwa imewaka.

Kuna mambo mawili ya hatari. La kwanza ni kanda. Adam ilikuja na kanda za kuhifadhi programu, na inapowashwa hutoa mpigo wa sumaku unaoweza kufuta kanda iliyoachwa ndani ya mdomo wake. Ukikuta kanda ya mjomba imo ndani, itoe kwanza kabla hujagusa swichi, kwa sababu huenda imebeba maandishi yake ya ujana ambayo hakuna mwingine anayo. Katriji haiguswi na mpigo huo, kwani gemu yake iko ndani ya chipu.

La pili ni stima yetu. Mashine hiyo ni ya volti 120, nasi tuna 240. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua. Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Luthuli Avenue hapa Nairobi zipo, ila soma kwanza wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha printa, halafu ununue yenye uwezo unaozidi hapo kwa nafasi ya kutosha. Iwe transfoma nzito ya shaba na chuma. Vile vidude vyepesi vya wasafiri, vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele, havifai kabisa kwa kompyuta.

Nina Commodore 64 iliyotoka London. Nimeiunga kwenye TV kwa waya wa antena, picha ya gemu inaonekana safi, lakini sauti ni mvumo mtupu. Spika ya TV ni nzima. Kompyuta imeharibika? — Msomaji, Lang'ata

Sidhani. Kompyuta yako inasema kwa Kiingereza cha London na TV yako inasikiliza kwa masikio ya Nairobi. Uingereza na Kenya zote zilitumia mfumo wa rangi wa TV unaoitwa PAL, ndiyo maana picha imetulia. Tofauti iko kwenye sauti. Katika mfumo wa antena wa Uingereza, sauti ilisafirishwa megahezi 6 juu ya picha. Kwetu ilikuwa megahezi 5.5. TV yako inaisaka sauti pale isipokuwepo, inaambulia mvumo.

Fungua menyu ya TV kwenye sehemu ya kutafutia stesheni. Ukikuta mahali pa kuchagua mfumo wa sauti palipoandikwa BG, badilisha iwe I. TV nyingi za sasa zina chaguo hilo. Usihangaishwe na kuzimwa kwa matangazo ya analogi mwaka 2015: stesheni ndizo zilizoondoka, na TV yako bado inayapokea mawimbi ya kompyuta, la sivyo usingeona picha.

Njia iliyo bora zaidi ni kuachana na waya wa antena. Nyuma ya Commodore 64 kuna tundu la mviringo lenye pini kadhaa linalotoa picha na sauti kando kando. Fundi yeyote wa redio anaweza kukutengenezea waya wenye plagi hiyo upande mmoja, na plagi ya manjano na nyeupe upande wa pili za kuingia AV ya TV. Mpe mchoro wa pini asibahatishe. Picha yenyewe pia itaongezeka ukali.

Lakini kuna jambo hukuliuliza nami siwezi kukaa kimya. Je, bado unatumia lile tofali la umeme lililokuja na mashine? Hutoa volti 5 na volti 9, na kirekebishi cha zile 5 kikizeeka huachia umeme upande. Zikipanda, chipu za kumbukumbu huungua, wakati mwingine ndani ya sekunde. Ukilipima leo na kulikuta zima, hiyo si dhamana ya kesho. Mafundi wengi wa mashine hizi duniani wamekubaliana katika hili: nunua chanzo cha umeme kipya kilichotengenezewa Commodore 64, na lile la zamani liweke kabatini. Ongeza na kinga ya umeme ukutani, maana sote tunajua stima inavyorudi ikishapotea.

Wenzangu kazini wananicheka. Wanasema kumiliki kompyuta kamili, yenye kibodi na lugha yake ya programu, kisha kuitumia kwa gemu za katriji peke yake ni kuidhalilisha. Wewe waonaje? — Msomaji, South B

Naona hawajui mashine hizo zilivyojengwa. Atari 800 ya mwaka 1979 ina kifuniko juu, ukikifungua unakutana na matundu mawili ya katriji. Sega walitoa SC-3000 mwaka 1983 kama ndugu wa mashine yao ya gemu ya SG-1000, ikicheza katriji zake, na hata lugha ya BASIC ya kuandikia programu ilikuja kwenye katriji. Kule Uingereza, Amstrad walienda mbali zaidi mwaka 1990: kompyuta zao za 464 Plus na 6128 Plus na mashine yao ya gemu ya GX4000 zote zilikula katriji zile zile. Watengenezaji wenyewe walitaka gemu zichezwe hivyo.

Sababu yao ilikuwa nzito. Gemu ya kanda ilichukua dakika kadhaa kuingia kwenye kumbukumbu, na ikigoma dakika ya mwisho unaanza upya. Ya katriji haiingizwi popote. Chipu iliyo ndani yake inakuwa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta mara tu unapoichomeka, kwa hiyo unawasha na unacheza. Halafu kuna umri. Kanda za sumaku hunyauka, disketi huota ukungu, lakini chipu ya gemu ya mwaka 1983 iliyotunzwa kwa kiasi tu kwa kawaida husomeka hadi leo. Kwa mashine nyingi za zamani, katriji ndicho kitu cha mwisho kinachofanya kazi bila kubembelezwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kompyuta inayochezwa gemu kila Jumamosi iko hai. Inapata moto, swichi zake zinatembea, na watoto wa nyumba wanaijua jina. Ile iliyofungwa kwenye nailoni juu ya kabati kwa heshima inakufa polepole, na siku mtu atakapoikumbuka hatamkuta fundi wa kuifufua. Cheza bila haya yoyote.

Nimeambiwa MSX na ColecoVision ni kitu kimoja ndani. Naweza kuchomeka katriji ya hii kwenye ile? — Msomaji, Ngara

Hapana, na usilazimishe. Ni kweli kompyuta za nyumbani za MSX na mashine ya gemu ya ColecoVision zinatumia kichakato cha Z80 na chipu za picha za ukoo mmoja wa Texas Instruments, na SG-1000 pia imo katika ukoo huo. Ndiyo maana gemu nyingi zilihamishwa kutoka moja hadi nyingine na kufanana sana. Ila matundu, mpangilio wa kumbukumbu na njia za kuzungumza na chipu ni tofauti. Usidanganywe na kampuni moja pia: mashine ya gemu ya Atari 5200 ilitokana na kompyuta za Atari za mwaka 1979, na bado katriji zake haziingii humo. Kabla ya kulipa, linganisha jina la mashine kwenye kibandiko cha katriji na jina lililo kwenye kompyuta yako.

Kijana wangu wa Gredi ya 6 amepewa na shangazi yake mashine ya Kichina ya zamani. Ina kibodi kama kompyuta, inaungwa kwenye TV, na inatumia kaseti za manjano zilizoandikwa 999999 katika 1. Ina bunduki pia. Ni kompyuta au ni TV game? Itamsaidia masomoni? — Mama, Kayole

Mama, ndani ya hilo ganda la kibodi karibu hakika mna nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani mwaka 1983. Nintendo wenyewe waliiuzia kibodi na BASIC mwaka 1984, na baadaye viwanda vya Uchina vikachukua wazo hilo na kuuza mashine za aina hii kama kompyuta za kujifunzia.

Itafute kaseti iliyokuja na mashine, yenye mazoezi ya kuandika na BASIC. Ikiwepo, kijana anaweza kujifunza jambo la thamani: kuandika amri kwa mkono wake na kuona skrini ikimtii. Hilo ni somo la kweli, ingawa halitamfundisha kompyuta za shuleni zinavyotumika leo. Kaseti hiyo ikiwa imepotea, basi ana mashine nzuri ya gemu, na hakuna ubaya. Ile namba ndefu kwenye kibandiko isikutishe wala isikufurahishe. Gemu zilizomo huwa chache, zinarudiwa kwa majina mengine au zikianzia hatua nyingine. Akitaka kaseti zaidi, ziwe za meno 60 (vile vipande vya chuma vinavyogusana na tundu) za Famicom. Za NES iliyouzwa Marekani na Ulaya zina meno 72 na haziingii.

Bunduki itafanya kazi kwenye TV ya kisogo peke yake. Ukibonyeza, skrini hugeuka nyeusi kufumba na kufumbua, kisha shabaha humetameta nyeupe, nayo bunduki husoma mwanga huo kwa wakati wake kamili. TV bapa inachelewesha picha, kwa hiyo kijana atalenga vizuri na bado akose kila bata. Asijilaumu.

Adapta yake ikifa, usinunue yoyote inayoingia tu. Linganisha volti, na alama za + na − kwenye mchoro wa plagi. Zikiwa kinyume unaweza kuiunguza mashine.

Katriji hazisomi. Nipulize? — Msomaji, Rongai

Usipulize, mate yanaozesha meno ya katriji. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili, sugua meno hadi pamba itoke safi, acha yakauke. Spiriti ya vidonda ya dukani wakati mwingine huwa na mafuta ndani yake, nayo huacha utando, kwa hiyo iache. Rudia kwa uvumilivu, mara nyingi uchafu wa miaka mingi hautoki kwa mkupuo mmoja.

Vidhibiti vya Adam vimevunjika. Nina kijiti cha Atari chenye plagi inayofanana. Naweza kukitumia? — Msomaji, Umoja

Nadhani wewe ndiye mwenye mashine ya mjomba. Plagi ya pini 9 itaingia, kijiti kitasogeza, na kitufe kitafyatua. Utakwama mapema zaidi, kwenye skrini ya kwanza: gemu nyingi za ColecoVision zinakutaka uchague kiwango kwa kubonyeza namba kwenye kidhibiti, na kijiti cha Atari hakina namba. Kwa hiyo tengeneza angalau kimoja cha asili, ukichomeke tundu la kwanza uchagulie kiwango. Fungua skrubu za nyuma taratibu. Mara nyingi ugonjwa ni uchafu kwenye karatasi ya plastiki iliyo chini ya vitufe, na alkoholi ile ile ya isopropili huisafisha. Na kidhibiti cha Sega Mega Drive usikijaribu kwenye kompyuta za zamani ati kwa sababu plagi inafanana. Kwenye Commodore 64, kwa mfano, kinaweza kuharibu chipu inayosoma vidhibiti.