Jibu: Kwa nini SCMV na MCMV pamoja huua mahindi

Ndugu, umeuliza kwa nini SCMV (kirusi cha mosaiki ya miwa, Sugarcane mosaic virus) peke yake huacha michirizi tu kwenye majani, lakini ikikutana na MCMV (kirusi kingine cha mahindi, Maize chlorotic mottle virus) mahindi yanakauka. Chanzo kinachodhaniwa ni protini ya SCMV iitwayo HC-Pro. Kwa kawaida mmea hukatakata RNA ya virusi (uzi unaobeba maelekezo yao ya urithi) kuwa vipande vyenye urefu wa herufi 21 au 22 za urithi, kisha huvitumia kuisaka RNA yenye mfuatano huohuo na kuiharibu. HC-Pro huvidaka vipande hivyo, MCMV ikazaana bila breki. Kwa kuwa virusi viko ndani ya mmea, kupiga dawa ya wadudu hakutibu mmea. Unapunguza tu vithiripi na vidukari, wadudu wadogo wanaoeneza virusi hivi. Ukipeleka sampuli maabara ya Kabete, nchini Kenya, chuma jani changa, lifunge kwa karatasi (kwenye plastiki huoza), uombe wapime virusi vyote viwili. Kupima kimoja ni hasara.