Jibu: Mzee wa Kiayalandi ninayemhudumia London anataka kurudi kwao

Dada, nimekuelewa: mzee alihamia Uingereza akiwa kijana wa kazi za ujenzi, sasa hana mtu, anataka kurudi kwao, nawe unauliza atapata wapi msaada.

Serikali ya Ayalandi ina mfuko wa wahamiaji tangu 2004, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ila haumpi mtu hela mkononi, unafadhili mashirika. Kwa hiyo mpeleke London Irish Centre, kituo cha Waayalandi kilichopo Camden, wamkagulie kwanza mafao ya Uingereza. Wazee wengi wa ujenzi walilipwa taslimu bila michango, pensheni ikawa kiduchu, na Pension Credit, yaani nyongeza ya serikali kwa wazee wa kipato kidogo, wanaona aibu kuidai. Mbembeleze tu.

Kuhusu kurudi, Safe Home Ireland, shirika lililopo Mayo huko Ayalandi, husaidia wazee kupata makazi. Asirudishe funguo za nyumba ya halmashauri kabla hajahakikishiwa nyingine kwa maandishi! Pensheni ya Uingereza itamfuata, lakini Pension Credit hukatika akihama, na kule, ili apate mafao, atatakiwa kuthibitisha amerudi kuishi moja kwa moja. Apige hesabu hizo na mshauri wa mafao kabla ya kukata tiketi.

Cheti cha kuzaliwa anzeni kukitafuta sasa. Na wewe usitie sahihi karatasi yoyote ya pesa zake.