Ukienda Ludlow lala mjini kati, ila ulizia ngazi kwanza

Mama alikuja kunitembelea toka Tanga akaniambia mwanangu, London nimeshaiona sana kwenye TV, nipeleke mji wa zamani wenye soko. Nikampeleka Ludlow, mji mdogo Shropshire karibu na mpaka wa Wales. Hakuna treni ya moja kwa moja toka London, unabadilisha njiani, ila ukishuka stesheni mpaka katikati ya mji ni mwendo mfupi tu wa miguu.

Sasa kosa nililofanya. Nilibuku chumba kwenye baa moja ya zamani yenye vyumba vya wageni, picha zake nzuri, mbao nyeusi na kuta nyeupe, nikalipa fasta bila kuuliza kitu. Kufika, chumba kipo juu kabisa, ngazi nyembamba zimepinda na lifti hakuna, na mama yangu ana magoti. Alipanda ameshika ukuta, kila hatua anasema bismillahi, alipofika akakaa kitandani kimya, roho iliniuma sana siku ile. Nyumba nyingi pale zina miaka mia tatu na zaidi halafu zinalindwa na sheria, mwenye nyumba hawezi kuamka tu akabomoa ukuta aweke lifti. Kwahiyo kabla hujalipa piga simu uliza chumba kipo ghorofa ya ngapi, ngazi zikoje, na dirisha linatazama wapi, maana likitazama baa ijumaa usiku hulali.

Kesho yake tukahamia B&B, yaani mtu anakodisha vyumba nyumbani kwake na asubuhi anakupikia. Chumba cha chini kabisa, mama akafurahi. Kama huli nguruwe mwambie mwenyeji jioni yake, sio asubuhi bacon ishaingia kwenye kikaango. Yule bibi aliosha kikaango akatupikia mayai, uyoga na maharage, na mama akamfundisha kuchemsha chai na tangawizi.

Wengine watakwambia ulale hoteli za nje ya mji kwasababu ni bei rahisi na paking ipo. Kama una gari na watoto wadogo sawa, siwezi kukukatalia. Lakini utamu wa Ludlow ni saa kumi na mbili asubuhi kabla magari hayajaamka, unashuka Broad Street mpaka Broad Gate, lango pekee la zamani lililobaki, unaendelea chini mpaka mto Teme, na kurudi ni mlima kwahiyo nenda polepole. Hiyo huipati ukilala barabara kuu.

Mkiwa familia nzima angalieni fleti za kujipikia. Zipo hata ndani ya ngome ya zamani ya Ludlow, kwenye jengo la Castle House, ngome ile ile aliyofia Arthur, mtoto wa mfalme Henry wa 7, mwaka 1502 akiwa na miaka 15 tu, ndio mdogo wake akaja kuwa Henry wa 8. Na ukiwa na jiko soko linakuwa na maana, linakaa mbele ya ngome jumatatu, jumatano, ijumaa na jumamosi. Mama alikagua nyanya moja moja kama yupo soko la Mgandini kule Tanga, muuzaji akamwachia tu.

Tafadhali usiende usiku mmoja, chukua mbili, na jitahidi moja iangukie usiku wa kuamkia soko. Katikati ya wiki vyumba vinapatikana kirahisi kuliko wikiendi. Septemba kuna tamasha la chakula, hapo buku miezi kadhaa kabla au usiende kabisa, mji mdogo ule unajaa.

Mama karudi Tanga, kila nikimpigia ananiuliza yule bibi wa chai hajambo. Mwaka huu akija tena nishamuwekea chumba kile kile cha chini.