Umeniuliza joto, nami nakujibu pumzi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza joto la mtoto likifika ngapi ndipo umkimbize hospitali, na kama wewe ndiye mwenye wasiwasi kupita kiasi au mumeo ndiye anayechukulia mambo kirahisi. Hilo la pili liache kwanza.

Joto la 39 kwa mtoto wa miezi kumi anayenyonya, anayekutazama usoni na kukupokonya kijiko, halinitishi kama 37.8 kwa mtoto aliyelegea na asiyetaka titi. Mmelisikia hili tangu mkiwa wadogo na mtalisikia tena: mtazame mtoto, si namba. Namba inakwambia kuna ugonjwa. Haikwambii ni ugonjwa gani, wala umefika wapi.

Kaka yako alivyougua mwaka ule tuliohama, unakumbuka. Kwenye foleni ya kituo kimoja cha afya watoto walipangwa kwa kipimajoto tu: mwenye 40 mbele, mwenye 39 akafuata, na yeye na 37.8 yake nyuma kabisa. Chini ya shati kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila alipovuta pumzi, na hakuna aliyemfunua. Baba yako alinyamaza, mimi sikunyamaza, mengine mnayajua. Ilikuwa nimonia. Mpaka leo mtu akinitajia nyuzi joto kabla ya pumzi, damu inanichemka.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mpandishe nguo mpaka tumbo na kifua vionekane, usimguse. Weka saa ya simu dakika moja kamili. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, hata kama umewaona watu wazima wakifanyiwa hivyo. Watoto wadogo hupumua haraka, kisha wakatua, kisha wakaharakisha tena. Ukikosea pumzi mbili, kuzidisha kunazigeuza nane. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi kwa dakika ni haraka, na hapo rudia kuhesabu uhakikishe. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla hajatimiza mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Wako anahesabiwa kwa 50.

Ukimaliza kuhesabu usimfunike bado. Angalia pale mbavu za mwisho zinapokutana na tumbo. Mtoto mzima akivuta pumzi, hapo panatoka nje. Panapobonyea ndani kila pumzi, wakati hajakasirika wala hanyonyi, usisubiri asubuhi. Pua zinazotanuka na kuguna kila anapotoa pumzi, vivyo hivyo. Pua iliyoziba nayo hupotosha hesabu, kwa hiyo isafishe kwanza kwa matone ya maji ya chumvi ya dawa, umwache atulie, kisha uhesabu.

Hapa najibishana mwenyewe, maana nimekwambia usitazame namba. Kwa kichanga, namba ni kila kitu. Mdogo wako anajifungua mwezi ujao, msomee hapa: mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na 37.5 au zaidi kwapani, au akipoa chini ya 35.5, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ananyonya na kutabasamu. Kichanga huficha ugonjwa mpaka umemzidi. Usimpe dawa ya homa kwanza ukasubiri uone. Kwa hiyo sawa, kuna namba moja ninayoiheshimu. Kwa wako, kipimajoto kinakusaidia kujua lini umpe dawa, na ikifika 38.5 na anahangaika, mpe.

Dawa ndipo wengi wanapoharibu. Paresetamoli huhesabiwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, si zaidi ya mara nne katika saa 24, na kati ya dozi na dozi saa sita. Mtoto wa kilo 8, kama ulivyoniandikia wa wako, anapata miligramu 120. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 5. Lakini soma chupa, mwanangu, kila chupa mpya. Zipo sirapu zenye nguvu zaidi ya hiyo, na matone ya watoto wachanga huwa makali kuliko sirapu; mililita 5 za matone ni dozi iliyozidi mno, na ikirudiwa inaweza kuharibu ini. Pima kwa sirinji ya mdomoni, si kijiko cha chai, maana vijiko havilingani. Kama umempa dawa nyingine ya mafua, soma nayo, kwa sababu mara nyingi ina paresetamoli ndani. Aspirini hapana kabisa. Maji ya baridi pia hapana: mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani. Mpunguzie nguo, mpe titi mara kwa mara, basi.

Degedege ikimpata, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usitie kitu chochote mdomoni, na tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikirudi, ni dharura. Hata ikiisha yenyewe, apelekwe akaangaliwe.

Akiharisha, pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyoandikwa lita moja inakwenda kwenye lita moja kamili ya maji safi. Usigawanye pakiti kwa makadirio, maana chumvi ikizidi inamdhuru. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kijiko baada ya kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Wanaosema mtoto anakataa ORS wengi wao walimpa kikombe kizima kwa mkupuo. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na usiikatishe choo kinapokauka.

Ya kumtoa nyumbani hata usiku ni haya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea kiasi kwamba ukimwita hageuki. Homa ikipita siku mbili, mpeleke hata kama anacheza, na penye malaria apimwe damu siku ya kwanza.

Sasa wewe na mumeo. Siku mliyonieleza, mtoto alikuwa na 38.9, ananyonya, hana shida ya pumzi. Mkwe wangu hakukosea kusema msubiri. Ila alisema hivyo akiwa kwenye kiti, hajamfunua mtoto, na hapo... Hapana, niliahidi kujizuia, sitaamua kati ya mtu na mumewe. Nasema tu kwamba aliyehesabu dakika nzima ndiye wa kusikilizwa usiku huo, na kwenye barua yako sikuona aliyehesabu.

Jambo moja tu. Hizo kilo 8 ni za kliniki ya miezi mitatu iliyopita. Kampime tena wiki hii, uandike uzito na tarehe kwenye chupa ya sirapu kwa kalamu isiyofutika.

Mama yako