Jibu: mpwa, mjukuu au shemeji? Kuandika ukoo wa masultani na malodi bila kuchanganya watu

Dada, swali lako nimelisoma. Umepewa kijitabu cha watalii chenye maisha mafupi ya masultani wa Zanzibar na wale walowezi wenye vyeo wa hapa Kenya, na umekwama juu kitabu kimoja kinasema fulani ni mpwa, kingine binamu, kingine shemeji. Kazi kama hiyo nimeifanya miaka mingi hapa Nairobi, naandikia makampuni ya kutembeza watalii na pia familia zinazotaka historia yao, so nitajibu kirefu, vumilia.

Sheria yangu ni moja tu. Usiandike neno lolote la udugu kama huwezi kutaja kwa jina kila mtu aliye katikati. Ukikuta mahali "Khalifa bin Harub alikuwa ndugu ya Ali bin Hamud", simama hapo hapo upande juu. Babake Khalifa ni Harub, babu yake ni Thuwaini, halafu Sayyid Said, yule sultani aliyetawala Oman na Zanzibar mpaka 1856. Haya shuka upande wa pili, babake Ali ni Hamud, babu yake ni Muhammad, halafu Sayyid Said yule yule. Kumbe wote wawili ni vitukuu vya mtu mmoja na babu zao ndio walikuwa ndugu. Na haijaisha, juu Khalifa alikuwa amemuoa Sayyida Matuka, dadake Ali, kwa hivyo anayesema mashemeji yuko sawa na anayesema mabinamu hajakosea sana. Weka zote mbili kwa sentensi moja, na msomaji akifika 1911 Ali aking'atuka hatashangaa huyu Khalifa ametokea wapi.

Majina nayo, usicheze nayo. Kuna Khalifa bin Said aliyetawala 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub wa 1911 hadi 1960. Kuna Ali bin Said na Ali bin Hamud. Ile "bin" usiitoe hata kama mhariri analia nafasi.

Kitu kingine, watu wamezoea wafalme wa Uingereza kwa hivyo wakiona orodha wanadhani kila mtu ni mtoto wa aliyemtangulia. Majid, Barghash, Khalifa, Ali, toka 1856 mpaka 1893, hao wote ni watoto wa Sayyid Said, ndugu wanapokezana. Ndio akaja Hamad bin Thuwaini, mtoto wa kaka yao Thuwaini aliyetawala Muscat, Oman, na alipofariki 1896 Khalid bin Barghash akaingia ikulu, manowari za Waingereza zikapiga tarehe 27 Agosti na akawekwa Hamud, yule babake Ali bin Hamud. Khalid na Hamad ni watoto wa ndugu wawili, si mtu na ami yake vile nimeshaona imeandikwa kwa broshua ya kung'aa kabisa.

Sasa akina mama, na hapa ndipo naomba usome polepole. Bi Azza bint Seif, mke mkubwa wa Sayyid Said, hakuacha mtoto naye. Watoto unaowasikia walizaliwa na masuria, mama zao wakitoka mbali, mamake Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, kwa mfano alikuwa Mcherkesi (mtu wa milima ya Kaukazi) anaitwa Jilfidan. Mtu akitumia macho ya Kizungu ataandika "mtoto wa nje" na hiyo ni makosa makubwa, kisheria ya Kiislamu mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni mtoto kamili, anarithi, na kiti anakalia. Kwa malodi ni kinyume, aliyezaliwa nje ya ndoa cheo hakipati hata baba ampende vipi. Usibebe sheria ya nyumba moja ukaipeleka nyumba nyingine.

Tukija kwa malodi wetu, nenda Kiambu, makaburi ya kanisa la St Paul's. Lord Erroll, yule aliyepigwa risasi Januari 1941, amezikwa kando ya mke wake wa pili, Mary. Mtalii akiona makaburi mawili yamekaribiana ataamua huyo ndiye mama wa binti, na wala siye. Diana Hay alizaliwa 1926 na mke wa kwanza, Lady Idina Sackville. Na angalia vyeo vilienda wapi baba alipokufa. Ulodi wa Erroll mwanamke anaweza kuurithi, akauchukua Diana, lakini ule wa Kilmarnock, aliokuwa nao pia, ni wa wanaume pekee, ukaenda kwa Gilbert, mdogo wake marehemu, ambaye akabadilisha jina kutoka Hay akawa Boyd. Ndugu wa tumbo moja, majina ya ukoo mawili. Ukitafuta kwa jina la ukoo pekee huyu baba mdogo humpati ng'o.

Lady pia inasumbua. Lady Idina ni Lady ya kuzaliwa juu babake alikuwa Earl De La Warr, ndio maana inashika jina lake la kwanza. Lady Delamere, yaani mke wa Lord Delamere, ni ya kuolewa, na hao ni wengi! Florence Cole, halafu Gwladys aliyekuwa meya wa Nairobi, wote wake wa Delamere wa tatu, halafu wake watatu wa mtoto wake, Delamere wa nne. Ukikuta gazeti la miaka ya 1930 limesema tu Lady Delamere, uliza kwanza ni mjane wa mzee au ni mke wa mtoto, juu wakati huo wote wawili walikuwepo. Na yule Diana mwingine, si Diana Hay bali yule ambaye mumewe alishtakiwa kumuua Erroll, aliolewa na Delamere wa nne 1955, hakumzaa Delamere wa tano, yule ni wa Phyllis, mke wa kwanza.

Mimi nabandika manila pepa ukutani, baba kwa biro ya buluu, mama kwa nyekundu, ndoa na mwaka wake kando. Programu za kompyuta ziko, ila ukutani naona haraka mtoto mwenye mwaka usiolingana na ndoa ya mamake.

Ile ya mwisho uliyouliza, kama Salme aitwe Princess. Mwite Sayyida Salme bint Said mpaka 1867 alipobatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani Ruete, kuanzia hapo ni Emily Ruete, na mara ya kwanza andika majina yote mawili. Ukurasa wa Delamere ukiisha uweke hapa kabla haujaenda kwa printa, nitaupitia.