Kwa Utakayekabidhiwa Ijumaa Usiku

Kipindi changu cha kwanza kwenye redio ya chuo nilikiandalia nyimbo thelathini na moja. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Moshi, na Ijumaa saa tatu hadi saa tano usiku nilipewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nikapiga hesabu ya kitoto: saa mbili ni dakika 120, wimbo mmoja dakika nne, basi thelathini zinatosha na mmoja wa akiba. Sikukumbuka kwamba nami nitaongea. Sikukumbuka matangazo ya serikali ya wanafunzi, taarifa ya saa nne, wala vibwagizo vya kituo. Saa nne na nusu ilipogonga nilikuwa nimepiga nyimbo kumi na saba tu, nikaona aibu kubaki na kiporo, nikaanza kuzikata.

Wa kwanza kukatwa ulikuwa wa Mlimani Park, bendi ya dansi inayoitwa pia Sikinde. Ulipofika dakika ya nne nikaushusha taratibu, nikapandisha bongo fleva juu yake, nikajiona fundi. Mlango ukagongwa. Ni mzee mlinzi wa zamu, tochi mkononi, koti la mvua limemfika magotini. "Mwanangu," akasema, "mbona umeuzima wimbo ndiyo kwanza unataka kuanza?"

Siku hiyo sikumwelewa, nikaona ni mambo ya wazee. Lakini wimbo wa dansi wa enzi zile una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaeleza mkasa wake polepole, nawe umekaa unasikiliza. Kisha magitaa yanabadilika, ngoma zinakaza, tarumbeta zinaanza kuitikiana, na waliokaa wanainuka. Hapo ndipo kwenye chemko, na nyimbo nyingi za Sikinde, Msondo au Vijana Jazz hazifiki hapo mpaka zimekwenda dakika tatu, nne, hata zaidi. Mimi nilikuwa nimempakulia mzee wa watu wali mkavu, mchuzi nikaurudisha jikoni.

Kwa hiyo kabla hujaupeleka wimbo hewani, usikilize mpaka tone la mwisho. Jua unapoanzia, maneno yanapoingia, unapogeuka, na unavyomalizika: unafifia wenyewe au unakatika ghafla? Niliandika hayo kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila wimbo. Kwa mtindo huo saa moja yangu ikatulia kwenye nyimbo kumi, mara nyingine tisa, na hofu ikaisha.

Ya mitambo nitayapitia haraka kwa sababu utayafundishwa. Maiki ikae umbali wa shubiri, pembeni kidogo ya mdomo, ili P na B zisipige kama mlango uliosukumwa na upepo. Vaa hedifoni hata kama zinakutoa jasho, maana bila hizo unasikia unachosema lakini husikii kinachotoka. Shusha spika za studio kabla ya kufungua maiki, la sivyo zitapiga mluzi. Na siku zote uwe na muziki mtupu usio na maneno, umeshauweka tayari kwenye mashine ya pili. Ukipaliwa, wimbo ukigoma kufunguka au mgeni akizubaa, bonyeza huo. Kimya cha sekunde tano tu kinamfanya mtu aipige redio yake kofi akidhani betri zimekwisha.

Umeme utakatika. Ukirudi, endelea na kazi. Ile sentensi ya "hitilafu zilizo nje ya uwezo wetu" tuliirithi tangu Radio Tanzania ilipokuwa peke yake hewani huku Bara, kabla ya redio binafsi kuruhusiwa kwa sheria ya 1993. Isemwe mara moja tu, kwa heshima ya wazee.

Sauti ndiyo iliyonila muhula mzima. Nilikuwa naiga watangazaji wa Dar es Salaam, kile kicheko cha kulazimisha na ule mkokoto wa maneno, mpaka shangazi yangu akaniuliza kwenye simu kama nina mafua. Nilichokuja kufanya ni kuandika sentensi mbili tu za kila sehemu, ya kuingilia na ya kutokea. Katikati nazungumza. Ukiandika kila neno utasoma, na anayesoma anajulikana hata na mtoto. Na usiwasalimie "wasikilizaji wote popote pale mlipo". Hakuna mtu anayejiita wasikilizaji wote. Yuko peke yake jikoni, au kitandani na simu, waya wa hedifoni umechomekwa kwa sababu ndio antena yake.

Salamu nazo zina heshima yake. Mwombe anayezituma alitamke jina mwenyewe kabla hujalitamka wewe. Jina la ukoo la Kirombo ukiliharibu hewani, utapigiwa na ukoo mzima.

Lakini ni nani hasa alikuwa ananisikia? Hilo hakuna aliyeweza kunijibu, hivyo Jumamosi moja nikachukua redio ndogo ya betri, nikapanda daladala ya Kibosho. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata bonde, nasi huku tuna makorongo ya kutosha yanayoshuka kutoka mlimani. Kwenye mgongo wa kilima tunasikika kama tuko chumba cha pili. Daladala ikishuka korongoni tunageuka mchakacho wa mchanga. Ikipanda tena tunarudi. Jumamosi iliyofuata nikashuka kusini kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye tambarare ya mashamba ya miwa, na huko tulisikika vizuri mbali kuliko nilivyotegemea. Niliporudi nilikuwa na watu kichwani: mama anayekaanga samaki Pasua, fundi cherehani wa Mbuyuni, vijana wa bwenini, na walinzi, walinzi wengi. Mji huu usiku unasikilizwa na walinzi.

Fanya safari hiyo. Nauli yake ni ndogo kuliko aibu ya kuwasalimia watu wa korongoni miaka miwili bila wao kukusikia.

Sasa nije kwenye miksi, yaani nyimbo zilizounganishwa mfululizo, maana ndizo zilizonifundisha kupanga kipindi. Konda mmoja wa Costa za Moshi–Arusha alisikia kipindi, akaniomba nimtengenezee fleshi ya safari. Alinilipa elfu tano nikaipokea. Leo nisingeipokea: Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999 na ilikuwapo siku ile, ni mimi tu sikuwa nimeisoma, na kuuza kazi za watu kwenye fleshi si halali hata kama mpangilio ni wako. Mtengenezee rafiki, usifungue duka.

Miksi ile niliianza kwa moto, hip hop ngumu ya Arusha, nikiamini safari inataka uchangamfu. Baada ya siku tatu konda akairudisha. "Dada, gari la kwanza linatoka saa kumi na mbili alfajiri. Abiria wanataka kulala. Wewe umewaamsha, na aliyeamka anakumbuka chenji yake."

Nikapanda gari lake mara mbili na daftari. Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80, na mtu wa stendi ya Moshi si yule atakayeshuka Arusha ingawa ni mwili uleule. Kutoka stendi mpaka Boma Ng'ombe watu wanajipanga, wanafunga vioo, wanasinzia: hapo panataka zilipendwa za polepole, magitaa yasiyo na haraka. Baada ya Boma barabara inafunguka, nyika pande zote, jua limepanda, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA inapita; mtu ameamka lakini hajaanza kuongea, na rege inamtosha. Kuanzia Maji ya Chai na Usa River wanapanda wa safari fupi na vikapu vyao, gari linajaa kelele, muziki laini unamezwa. Tengeru siku ya gulio ni foleni, na foleni ndiyo mahali pa kuweka ile hip hop niliyoiwahisha: X Plastaz wenye sauti za Kimaasai ndani ya mistari, Nako 2 Nako, Weusi. Mwenyeji wa Arusha akimsikia Joh Makini amefika Tengeru, anakaa vizuri kitini kama anaingia kwake. Nyimbo zilikuwa zilezile, mpangilio ndio uliogeuka. Konda hakurudisha tena.

Wiki hiyohiyo nilikipindua kipindi changu. Saa tatu usiku mama wa Pasua bado anaosha sufuria, anataka kitu cha kuimba naye. Saa nne bweni limerudi, wanataka vipya. Saa nne na nusu bweni limelala au limetoroka, na walio macho wana tochi. Nikauhamishia muziki wa dansi nusu saa ya mwisho, nyimbo tatu nne zenye chemko zao kamili, nikaongea kidogo. Mzee hakugonga tena mlango.

Ukitaka kujifunza kuunganisha nyimbo, anza na Mixxx na Audacity, zote ni programu za bure. Utaambiwa uhesabu mapigo kwa dakika. Ni kweli, ila hesabu isikutawale. Mfano: unataka kutoka kwenye amapiano ya mapigo 112 uingie singeli inayokimbia zaidi ya 200, na unaona haiwezekani. Zidisha 112 kwa mbili, unapata 224. Pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli, ukivuka hapo mtu hajikwai. Rege ya 75 nayo inakaa ndani ya 150 kwa njia hiyohiyo. Ila kwenye dansi la zamani usiguse kile kitufe cha kulinganisha mapigo chenyewe. Kompyuta inadhani kila mpiga ngoma ni mashine, wakati wale walikuwa watu mbele ya maiki za Radio Tanzania, wakifika kwenye chemko wanapandwa na mori na mwendo unaongezeka. Programu itautafuna wimbo. Uache umalizike wenyewe, vuta pumzi, kisha anza mwingine. Miksi inaruhusiwa kupumua.

Jambo jingine litakalokusumbua ni ukubwa wa sauti. Rekodi za miaka ya 1970 na 1980 ziko chini, za leo zimekandamizwa mpaka zinapiga kelele. Ukiziweka jirani bila kuzilinganisha, msikilizaji wa usiku atarukwa na usingizi. Zishushe za leo, usizipandishe za zamani mpaka zikwaruze, na usiruhusu mshale wa kipimo cha sauti uishi kwenye nyekundu. Achia kama desibeli sita za nafasi chini ya kikomo cha mashine. Linganisha kwa masikio, kwa sauti ndogo, kwenye spika mbovu. Na faili uliyoitoa WhatsApp ikiwa kilobiti 128 kwa sekunde, kuigeuza kuwa 320 ni kuhamisha maji ya tope kwenye ndoo mpya. Tafuta nakala nzuri, fanya kazi kwenye WAV, faili isiyobanwa, ugeuze mara moja tu mwishoni.

Kuhusu maneno machafu: sikiliza toleo unalolipiga, usiamini jina la faili. Leseni ya utangazaji kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni ya chuo, mdomo ni wako, na ukiteleza wewe wanafungiwa wote. Andika pia orodha ya kila ulichopiga, jina la wimbo na la msanii, siku hiyohiyo. Malipo ya hakimiliki ni kazi ya kituo, lakini bila orodha yako hayana pa kuanzia. Mimi niliruka wiki nne, nikakaa Jumapili nzima nikijaribu kukumbuka, na nusu yake nilikisia. Sijivunii.

Pesa hakuna, usiulize.

Daftari langu liko droo ya kulia, chini ya waya zilizokufa. Kurasa za mbele ni nyimbo, za nyuma ni watu na saa wanazosikiliza. Wengine watakuwa wamehama, wafute, andika wako. Mzee wa Ijumaa bado yuko getini nilipopita mwezi uliopita. Sasa anasikilizia simu, lakini tochi ni ileile. Huomba wimbo mmoja tu, nimeupigia mstari. Una dakika tisa na ushee, kwa hiyo uanze kabla ya saa tano kasoro kumi.